Mto Tusioujua

Somo: Yoshua, sura ya 3 na ya 4



Jumapili moja baada ya ibada, watu wakiwa wangali wanasalimiana chini ya mwembe, kijana mmoja wa kwaya alinijia akiwa na simu yake mkononi. "Shikamoo, Mchungaji. Hebu tazama hawa." Nikatazama. Niliona mto mpana, maji meupe kwa povu, yakianguka juu ya mawe kwa nguvu ya kutisha. Na katikati ya maji hayo walikuwamo watu, kila mmoja ameketi peke yake ndani ya mtumbwi mdogo wa plastiki uliofunikwa juu, kofia ngumu kichwani, na kafi lenye ubapa huku na huku. Wakazama wote tusiwaone. Halafu wakaibuka mmoja mmoja, wanacheka.

"Wako likizo hao," akasema kijana. "Wametoka kwao mbali wakalipa fedha ili waende huko. Mchungaji, watu hawa wana akili timamu?"

Sikumjibu siku ile. Wazee walikuwa wananingoja kwa ajili ya kikao, na tena mimi nina sababu yangu ya kutopenda mazungumzo ya mito, nayo nitaieleza mbele kidogo. Lakini swali lake lilikaa nami wiki nzima. Nikauliza kwa wanaojua, nikasoma, na sasa namjibu hapa mbele yenu wote, maana jibu lenyewe limeingia katika shauri ambalo tunalo hapa parokiani kwetu.

Mahali alipokuwa akinionyesha ni karibu na Jinja, katika Uganda, pale mto Naili unapotoka Ziwa Viktoria. Tangu miaka ya 1990 wageni wengi wamekuwa wakienda huko kushuka maporomoko, wengine kwa boti kubwa za mpira, wengine kwa mitumbwi hiyo ya mtu mmoja inayoitwa kayaki. Nilidhani nitawakuta ni watu wa kujitupa majini tu bila kufikiri. Sivyo. Nimeona aibu kidogo kugundua kwamba watu wa likizo wana adabu ya maji kuliko mimi niliyezaliwa kando ya mto.

Jambo la kwanza wanalofanya wakifika kwenye poromoko wasilolijua ni kushuka. Hutoka ndani ya mitumbwi, hupanda ukingoni, hutembea kwa miguu juu ya mawe hadi wapaone mahali maji yanapoishia. Hutazama mwamba uko wapi, maji tulivu yamejificha nyuma ya jiwe lipi, kama kuna mti ulioanguka mtoni. Mti huo wanauogopa kuliko mwamba, kwa sababu maji hupita kati ya matawi lakini mtu hapiti. Maji humkandamiza pale pale. Na maporomoko wameyapanga kwa ngazi, kutoka ya 1 ambayo hata mtoto anaweza kupita, hadi ya 6 ambayo huhatarisha maisha hata ya fundi. Wakiisha kutazama, mara nyingine husema, "Hapana." Basi hubeba mitumbwi yao mabegani, wakapita kwa njia ya nchi kavu kati ya vichaka na mashamba ya watu, wakaingia majini tena huko chini. Kuna poromoko moja huko liitwalo Itanda, ambalo waongozaji wamezoea kuwashusha abiria wao na kubeba boti kuzunguka sehemu mbaya. Wala hakuna anayechekwa kwa kutembea.

Nasema tena, kwa ajili ya wale waliokuwapo katika kikao chetu cha mwezi uliopita: hakuna anayechekwa kwa kutembea.

Jambo la pili lilinifurahisha sana. Mtumbwi ule ukipinduka, mtu hubaki ndani yake kichwa chini, miguu juu. Naye hufundishwa kuurudisha bila kutoka, kwa kafi na kwa nguvu ya kiuno. Mafunzo hayo huanza katika maji yaliyotulia, na walimu wote hulia na kosa lile lile. Mwanafunzi anapokuwa chini ya maji anataka hewa, basi huanza kwa kuinua kichwa. Akiinua kichwa kwanza, mtumbwi humrudisha chini. Akirudia, humrudisha tena. Hana budi kuuacha mwili na mtumbwi vigeuke kwanza, na kichwa kitoke majini mwisho wa vyote. Nimekaa katika halmashauri za kanisa miaka mingi, ndugu zangu, nami najijumlisha: tungejaribu siku moja kuacha kichwa kitoke mwisho tuone.

Sasa mtaniambia, "Mchungaji, hayo ni ya wageni katika mito ya watu. Sisi mito yetu twaijua." Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Huko Jinja walikuwako vijana waliokulia kando ya mto, ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kuwaongoza wageni. Walilijua kila jiwe. Kisha bwawa la umeme la Bujagali likajengwa, likakamilika mwaka 2012, na maporomoko ya Bujagali, ambayo yalikuwa na jina kubwa kuliko yote, yakafunikwa na maji ya bwawa. Mwaka 2019 likafunguliwa bwawa jingine chini yake, la Isimba, na maporomoko mengine yakazama. Mtu aliyeujua mto kwa moyo akajikuta mgeni kando ya mto ule ule, na yeye hakuhama nyumbani kwake.

Na sisi je? Naili ya Jinja inatoka ziwani, haifuri ghafla kwa sababu ya mvua moja. Mito yetu ni watoto wa mlima. Upande huu wa mashariki wa Uluguru ndio unaopigwa na mawingu yatokayo baharini, nao hupata mvua nyingi kuliko upande wa pili. Mvua hunyesha huko juu msituni wakati sisi huku chini tumeanika mpunga juani. Baada ya muda kidogo Mvuha imebadilika, Ruvu imebadilika. Na miteremko iliyokuwa na miti mingi siku za babu zetu leo mingi ni mashamba, kwa hiyo maji hayana kitu cha kuyachelewesha. Huja kwa haraka, na udongo wetu yameubeba. Kivuko ulichopita Jumamosi, mawe yake Jumamosi ijayo yamehama. Wewe mwenyewe hujahama, na bado huo ni mto usioujua.

Kuna habari nyingine nataka kuitaja, nayo ni ya huzuni. Alikuwako mtu mmoja wa Afrika Kusini, Hendri Coetzee, aliyefanya kazi miaka mingi huko Jinja. Mwaka 2004 aliongoza kundi lililoufuata mto Naili kutoka Uganda mpaka Bahari ya Mediterania. Mwezi wa Desemba mwaka 2010 aliwaongoza Wamarekani wawili katika mto Lukuga, ule unaotoka Ziwa Tanganyika na kuingia Kongo. Ulikuwa ni mto wenye mamba. Kwa hiyo walikuwa wakienda wamekaribiana, mtumbwi kando ya mtumbwi, ili mnyama asimwone mmoja aliye peke yake. Hata hivyo mamba alitoka nyuma akamchukua yeye kiongozi. Wale wawili waliokoka.

Nimewasikia watu wakisema juu ya habari kama hizi, "Alikitafuta mwenyewe." Tusiseme hivyo. Bwana wetu mwenyewe aliwataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na maneno yake mmeyasoma katika Luka sura ya 13. Hakumruhusu mtu yeyote kuwapimia wafu makosa yao. Mimi ninachokiona katika habari hiyo ni kwamba mtu aliyejua mito kuliko wengi hakujiona amepita hatua ya kukaa karibu na wenzake. Tena sidanganyi mtu: uangalifu hauondoi hatari yote. Yuko atakayeshuka, akatazama, akakaa karibu, na bado maji yakamchukua. Mhubiri akikuahidi vinginevyo anakuuzia kitu.

Turudi katika somo letu. Wana wa Israeli wamefika kwenye mto Yordani, na mwandishi anatuambia wazi kwamba ulikuwa wakati wa mavuno, wakati mto ule hujaa na kufurika kingo zake zote. Ulikuwa wakati mbaya kabisa wa kuvuka. Yoshua hakuwaambia watu waingie jioni ile ile waliyofika. Walilala ukingoni, zikapita siku tatu. Fikirini siku tatu hizo: mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye fimbo, wote wanayatazama maji mekundu yakipita. Kisha ikatoka amri kwamba makuhani waende mbele na sanduku la agano, na watu wakae nyuma yao kwa nafasi ya dhiraa elfu mbili. Na sababu imeandikwa, someni mstari wa 4. Njia hiyo hawakuwa wameipita kamwe. Watu wote wangekuwa wamelisongea sanduku, wa nyuma wasingeona kitu ila migongo ya wenzao. Ile nafasi iliachwa ili hata aliye nyuma kabisa aweze kuona.

Maji hayakupunguka wakiwa wamesimama ukingoni. Yalipunguka nyayo za makuhani zilipokwisha kuingia ndani yake. Na sasa tazameni jambo ambalo mimi nilisoma miaka ishirini bila kuliona. Makuhani walipofika katikati ya mto hawakuendelea. Walisimama pale pale, chini kabisa, mahali ambapo maji yakirudi hapana pa kukimbilia, mpaka taifa lote likaisha kuvuka. Sura ya 4 inasema kwamba walipopanda wao, ndipo maji yakarudi mahali pake. Mguu wa kwanza kuingia ndio uliokuwa wa mwisho kutoka.

Wale wa mitumbwi nao wana desturi inayofanana na hiyo. Fundi mmoja hutangulia, lakini akifika chini haendi zake. Hugeuza mtumbwi, hujiweka katika maji tulivu nyuma ya mwamba, kamba ya kutupa tayari mkononi, akiwaelekea wanaokuja. Kwa kuwa sauti haisikiki kwa ngurumo ya maji, huwaambia kwa kafi: akilisimamisha wima, njoo, akililaza juu ya kichwa chake, ngoja. Na fundi mwingine hufunga msafara, asitoke mtu nyuma yake. Isaya anatuambia kwamba ndivyo Mungu alivyo kwa watu wake, mbele yao na nyuma yao. Ni sura ya 52, mstari wa 12.

Sasa niseme lile langu.

Nilikuwa mwinjilisti kijana, nguvu tele, na nilifikiri kwamba imani na nguvu ni kitu kimoja. Ulikuwa mwezi wa Aprili, masika yamekolea. Tulikuwa watatu tunakwenda ng'ambo kwa ibada ya Pasaka: mimi, mzee mmoja aliyeifanya kazi ile kabla yangu na ambaye ndiye aliyenifundisha kusoma somo kanisani, na mvulana aliyebeba sanduku la vitabu na vyombo vya Meza ya Bwana. Pale kivukoni tulimkuta bibi mmoja anafua na wajukuu wake. Akatuambia, "Wanangu, maji yamebadilika rangi, na majani yameanza kupita. Kaeni kwanza." Nilimwitikia kwa adabu, "Ndiyo, bibi." Lakini moyoni nilimdharau. Tena nilifanya vibaya zaidi: nilimtajia lile andiko la Isaya sura ya 43, juu ya kupita katika mito. Nilitumia ahadi ya Mungu kumnyamazisha mama mzee aliyekuwa akiniambia ukweli.

Nikaingia wa kwanza. Miguu yangu mirefu, nikavuka upesi, nikafika ng'ambo, nikaketi juu ya jiwe nikaanza kukamua suruali. Nilikuwa nimewapa mgongo. Nilikuwa nafikiri juu ya mahubiri yangu.

Nikasikia mvulana anapiga kelele. Nilipogeuka, mzee hakuwapo. Alikuwa amefika katikati, maji yalipopanda akajaribu kusimama imara, mguu ukabanwa kati ya mawe, na mto ukamlaza. Ulipomwachia ulimbeba kama hatua mia hivi mpaka kwenye mkuyu uliokuwa umeingiza mizizi yake majini, akaishika. Si mimi niliyemtoa. Walimtoa wajukuu wa yule bibi, kwa khanga zake alizokuwa amezifua, wamezifunga moja kwa nyingine zikawa kamba. Mimi nilikuwa ng'ambo, nimekwisha kuvuka salama, wala nisingeweza kurudi.

Hakufa, ashukuriwe Mungu. Mguu ulivunjika, na tangu siku hiyo alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake. Sanduku lilikwenda na maji. Jioni nilipomfikia, baada ya kuzunguka njia ndefu, nilipiga magoti nikataka kuomba msamaha kwa maneno mengi. Aliniwekea mkono kichwani akasema neno moja tu: "Mwanangu, hukugeuka."

Nimelibeba neno hilo tangu siku hiyo. Na ninaposoma habari ya makuhani wale waliosimama katikati ya Yordani, nafahamu kwamba kuvuka upesi si ushindi. Mto ule ule ndio ambao Bwana wetu Yesu alishuka ndani yake alipokuja kwa Yohana kubatizwa. Naye alishuka tena chini zaidi, katika kifo, katikati kabisa ambapo hakuna aliyepajua. Hakuvuka akaketi ng'ambo kukamua nguo zake. Yesu amegeuka, uso wake unatuelekea, naye hatoki mpaka aliye dhaifu kuliko wote awe amepita. Katika Pasaka tunasherehekea hilo.

Basi nifike kwenye shauri letu. Mnajua kwamba Baba Askofu atakuja kwa kipaimara masika yakiisha, na watoto wengi wa darasa wanatoka ng'ambo. Katika kikao, wengine wenu, wazee wangu ninaowaheshimu, mlisema watoto wavuke kila Jumamosi kama kawaida, "maana sisi tulivuka tukiwa wadogo kuliko hao." Ni kweli mlivuka. Ninyi mnaosema mlivuka. Wako rika lenu ambao hawakuwamo katika kikao kile, na mama zao baadhi yenu mnawakumbuka.

Kwa hiyo nimekata shauri, na kama ni kosa liwe langu. Masika yote darasa la watoto wa ng'ambo litakuwa huko huko kwao. Mwalimu ndiye atakayezunguka kwa barabara ya daraja, ingawa ni mwendo mrefu. Zamu ya wiki ya kwanza ni yangu. Mama mmoja wa Umoja ameniuliza kama hatutaonekana tumeligawa darasa mara mbili. Mama, tumebeba mtumbwi kuzunguka poromoko. Tutaingia majini wote pamoja huko chini.

Na kwa Jumapili ya Pasaka, ambayo kila mtu anataka kuwa hapa, nawaomba wa ng'ambo wasianze kuvuka mpaka wazee wawili wa kivukoni wametazama maji na kusema ndiyo. Yakiwa yamebadilika rangi, au yanaleta majani na vijiti, au mkisikia mngurumo kutoka juu, ibada itafanyika ng'ambo nami nitakuja kwenu kwa njia ya daraja, hata nikichelewa. Wakisema ndiyo, msivuke mmoja mmoja. Pitieni kwa makundi, mmeshikana mabega, mwenye nguvu akae upande maji yanakotoka, watoto na wazee upande wa chini yake. Na mtu akizolewa, asijaribu kusimama katika maji yanayokwenda kasi; alale chali, miguu itangulie, ajielekeze ukingoni.

Vijana sita wa kwaya wamekwisha kukubali kufika alfajiri. Wawili watavuka kwanza, nao watasimama ng'ambo wakiwaelekea wanaokuja. Yule mwenye simu nimemwomba alete kamba, nzuri, si ile ya mbuzi. Ameniuliza mimi nitasimama wapi. Nimemwambia nitafika kwenu Jumamosi jioni kwa njia ya daraja, nilale huko, na asubuhi nitavuka nanyi, wa mwisho.